Chatu wa Kinshasa na wafanyabiashara wa mwambao wa Rumonge

RUMONGE — Mwanamume anamwingiza mwanamke chumbani. Mlango ukishafungwa, mwanamume anageuka chatu, anammeza yule mwanamke mzima mzima, kisha anatapika noti za dola. Hiyo ndiyo hadithi ya katuni iliyouzwa mitaani na masokoni Kinshasa mwaka 1990, na ambayo hadi leo huwashtua wanaoifungua kwa mara ya kwanza.

Mchoraji wake anajulikana kwa jina la Papa Mfumu'Eto wa Kwanza. Jina hilo ni la Kikongo na maana yake ni chifu wetu. Hakungoja mchapishaji wa Ulaya. Alichora mwenyewe, akaandika mwenyewe, akachapa kwenye karatasi za bei nafuu na kuuza kwa watu wa kawaida. Waliosoma Kifaransa Kongo na Burundi walizoea katuni za Ubelgiji na Ufaransa, wanazoziita BD. Yeye aliandika kwa Kilingala, lugha ambayo mama wa sokoni na dereva wa lori wanaielewa bila kumwita mtoto wa shule awasomee.

Kwa mfanyabiashara wa Rumonge, kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, Kilingala si lugha ya nyumbani. Hapa ni Kirundi, na Kiswahili ndiyo lugha ya bandari. Kilikuja na misafara ya biashara ya karne ya 19, kikaongezewa nguvu na majirani wa Kigoma, Uvira na Baraka, na tena na familia zilizorudi kutoka Tanzania baada ya ukimbizi ulioanza mwaka 1972. Lakini nyoka ni nyoka kwa Kiswahili na kwa Kilingala. Na hata asiyejua neno moja ataelewa picha: tumbo la chatu limevimba, na fedha zinatoka mdomoni.

Jinsi inavyomshika msomaji

Asiyezoea hadithi za picha huanza vibaya kwa sababu moja tu: anakimbilia maneno na kuacha michoro. Kwenye hadithi za aina hii mambo mazito hutokea kati ya kisanduku kimoja na kingine. Kwenye kisanduku cha kwanza mkono wa mtu umeshika kitasa. Kwenye cha pili mkono umekuwa na magamba. Kugeuka kwenyewe hakukuchorwa. Msomaji ndiye anayekukamilisha kichwani, na ndiyo maana hofu inamwingia kuliko angesimuliwa na mtu mwingine.

Jambo la pili ni mfululizo. Hadithi inakatwa pale pale msomaji anapotaka kujua zaidi, na toleo linalofuata lina bei yake. Mfumu'Eto aliijua biashara hiyo vizuri. Toleo la chatu lilipokwisha, watu walitaka kujua nini kilifuata, naye akaendelea kuchora. Muuza dagaa anayempa mteja kipimo kizuri leo ili arudi kesho hahitaji kufundishwa mbinu hiyo.

Chatu alikuwa nani?

Mwaka 1990 haukuwa mwaka wa kawaida Zaire. Tarehe 24 Aprili Rais Mobutu alitangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja. Fedha ya nchi ilikuwa ikipoteza thamani na bei zilipanda. Wasomaji wengi wa Kinshasa walimtazama yule chatu anayemeza watu na kutapika dola, wakamwona Mobutu mwenyewe. Katuni haikumtaja. Haikuhitaji kumtaja.

Hapo ndipo hadithi ya kutisha inapofanya kazi ambayo gazeti la wakati ule lilishindwa kuifanya kwa uwazi. Inauliza swali moja: fedha hizi zimetoka wapi, na nani amelipa? Swali hilo linasikika katika masoko yote ya ukanda huu. Tanzania watu husema "chuma ulete" wanapoona fedha za droo zinapungua bila sababu, wakiamini kuna jirani anayezivuta kwa uchawi. Wengine huzungumzia ndagu, dawa ya utajiri inayodai kafara ya ndugu wa damu. Duka likijaa haraka, minong'ono nayo inajaa.

Minong'ono hiyo ina gharama. Mwanamke aliyeanza na ndoo mbili za mawese akafika kumiliki boti anaweza kuamka siku moja ameitwa mchawi, wakati siri yake ni daftari la hesabu na kuamka alfajiri. Kwa upande wa pili, tapeli anayekusanya michango ya watu akiahidi faida maradufu husifiwa kuwa ana bahati, mpaka siku anapotoweka. Kinshasa yenyewe ilipitia hayo mwaka 1991, watu walipopoteza akiba zao katika michezo ya fedha iliyoahidi faida kubwa kwa muda mfupi. Anayeisoma hadithi ya chatu kwa makini haanzi kumwogopa kila tajiri. Anajifunza kuuliza ni nani aliyemezwa. Kama hakuna aliyemezwa, basi huenda ile ni biashara tu.

Mnyama wa ziwa hili

Mwambao wa Burundi hauhitaji kuazima mnyama wa kutisha. Unaye Gustave, mamba mkubwa aliyepewa jina hilo na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi na kumfuatilia kwa miaka mingi. Simulizi zinamtaja kuanzia mdomo wa Rusizi hadi Minago na Rumonge, na idadi ya watu anaodaiwa kuua hufikishwa 300, hesabu ambayo haijathibitishwa. Jaribio la kumnasa kwa tundu kubwa la chuma lilishindwa na likawa filamu ya hali halisi mwaka 2004. Mwaka 2007 Marekani ikatoa filamu ya kutisha, Primeval, iliyotokana na habari zake.

Mnyama ni wa hapa, waliofiwa ni wa hapa, lakini hadithi ilisafirishwa nje kama mali ghafi. Katika kusafirishwa huko kuna jambo lilipotea. Watu huingia ziwani kuoga, kufua na kuchota maji kwa sababu ndiko maji yalipo. Mchoraji wa mwambao angelijua hilo kabla hajachora jino la kwanza la mamba.

Ziwa limeshaingia kwenye katuni kwa njia nyingine. Mwaka 2014 Barly Baruti, mchoraji aliyezaliwa Kisangani, pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, walitoa Madame Livingstone, hadithi ya Vita Kuu ya Kwanza kwenye Ziwa Tanganyika na meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Ndiyo meli waliyoizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Kitabu hicho kilitoka kwa Kifaransa. Dar es Salaam nayo ilikuwa na jarida la Sani, lililowafanya wasomaji wengi wa Kiswahili wamjue Ndumilakuwili. Maana yake wasomaji wapo, na wachoraji wapo.

Soko nalo lipo. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo mwaka 2022, na Kiswahili kimekubaliwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Kijitabu cha kurasa chache hakiozi kama samaki na hakivuji kama mawese. Wakati huohuo, kazi za Mfumu'Eto zimeonyeshwa Paris mwaka 2015, na karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida. Kitu kilichouzwa kwa sarafu chache sokoni sasa kinatunzwa na wasomi ng'ambo ya bahari.

Atakayeanzisha mfululizo wa Kiswahili kwa ajili ya ziwa hili atakutana na swali dogo kwenye kisanduku cha kwanza, mvuvi atakapoinua wavu. Samaki anayeitwa mukeke Rumonge na Uvira, Kigoma ni mgebuka. Afadhali aandike majina yote mawili, mnunuzi aseme moja na muuzaji ajibu kwa jingine, kama wanavyofanya kila siku kwenye mzani.