Rangi, Ada na Nukta Nundu: Safari ya Mwanafunzi Asiyeona Nairobi

Chini ya utawala wa Waingereza, elimu nchini Kenya iligawanywa kwa misingi ya rangi, hata Wazungu, Waasia na Waafrika wakasoma katika shule tofauti zisizolingana kwa fedha wala vifaa, na mgawanyo huo ulifuata ramani ya Nairobi yenyewe, kwani Kilimani ilikuwa mtaa wa Wazungu, ilhali Kabiria, kule Dagoretti, ilikuwa bado nje ya mipaka ya jiji. Mtoto Mwafrika asiyeona alibanwa pande mbili, kwa rangi yake na kwa ulemavu wake, mpaka Jeshi la Wokovu lilipoanzisha Shule ya Wasioona ya Thika mwaka 1946, ambako alifundishwa breli, yaani maandishi ya nukta nundu sita yasomwayo kwa vidole. Ubaguzi wa namna hii haukuwa wa Kenya pekee: huko Marekani, jimbo la North Carolina lilifungua shule ya watoto weusi wasioona na viziwi mjini Raleigh mwaka 1869, mbali na ile ya weupe.

Baada ya uhuru, Tume ya Ominde kuhusu elimu ilipendekeza mwaka 1964 kwamba shule zisibague rangi, na milango ikafunguka, ingawa ada kubwa za zilizokuwa shule za Wazungu ziliendelea kuwazuia wengi, na kwa hakika fedha ilishika nafasi ya rangi.

Leo, Shule ya Msingi ya Kilimani huwapokea wasioona wakasoma pamoja na wanaoona, utaratibu uitwao elimu jumuishi, ambao humwezesha mtoto wa Kabiria kusoma karibu na kwao badala ya kupelekwa bweni la Thika, takriban kilomita 40 kutoka katikati ya jiji. Hata hivyo, kuketi darasa moja si kujumuishwa: vitabu vya breli ni vinene na ghali, michoro ya hisabati huhitaji kuguswa, na mwalimu asiyesoma nukta nundu hawezi kusahihisha kazi ya mwanafunzi wake bila mwenzake aliyesomea elimu maalumu kumnukulia, kwa hiyo mtoto aliyekosa vifaa hivyo ametengwa palepale alipoketi. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu na vifaa vinavyomfaa, na wazazi wa Kabiria wana kila sababu ya kuidai haki hiyo shuleni na serikalini.