Tramadoli Ikizidi, Sukari Nayo Ipimwe

Mtu aliyemeza tramadoli kupita kiasi akifikishwa hospitali hajitambui, macho yote huelekea kifuani. Ndivyo inavyotakiwa, kwani dawa za maumivu za jamii ya afyuni huua hasa kwa kuzima pumzi. Lakini ipo hatari nyingine iliyojificha: sukari ya damu inaweza kushuka mno, hata kwa mtu asiye na kisukari wala asiyewahi kuchomwa insulini.

Ubongo hauna akiba ya maana ya sukari. Hutegemea inayoletwa na damu kila dakika. Tusipokula, ini ndilo huitengeneza na kuiachia. Tramadoli, mbali na kufanya kazi kama afyuni, huongeza nguvu ya kemikali za ubongo ziitwazo serotonini na noradrenalini. Katika majaribio ya panya waliopewa dawa hiyo, ini lilipunguza kutengeneza sukari huku misuli ikiitumia zaidi. Methadoni, wanayopewa waraibu wa heroini katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2011, nayo huweza kushusha sukari dozi ikiwa kubwa.

Nchini Uingereza, watafiti walichambua rekodi za wagonjwa 334,034 walioanza kutumia tramadoli au kodeini kati ya 1998 na 2012. Uwezekano wa kulazwa kwa sukari kushuka ulikuwa juu kwa asilimia 52 kwa watumiaji wa tramadoli kuliko wa kodeini, na katika siku 30 za mwanzo ulizidi mara mbili. Ni tukio nadra, lakini hao walikuwa wagonjwa wa kawaida walioandikiwa dawa.

Kinachonitia hofu ni dalili za tramadoli kuzidi na za sukari kushuka kufanana. Usingizi mzito na kuchanganyikiwa huletwa na yote mawili, degedege pia. Naloksoni, dawa ya kupinga afyuni, hurudisha pumzi lakini haipandishi sukari. Mgonjwa akipumua vizuri na bado haamki, atobolewe kidole apimwe kwa mashine ileile ya wenye kisukari. Chini ya milimoli 3 kwa lita ni hatari ya wazi: apewe glukosi kwenye mshipa, kisha apimwe tena na tena, kwani sukari huweza kushuka upya.

Nyumbani, asiyejitambua asinyweshwe soda wala maji ya sukari, yanaweza kumwingia mapafuni. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, na pakiti ya vidonge mwende nayo. Familia nyingi huificha kwa aibu, ilhali daktari akiiona atajua mapema kwamba sukari nayo inahitaji kufuatiliwa.