Mtoto Mchanga Angani: Tusiidharau Arobaini

Mfanyakazi mmoja wa kiwandani jijini Dar es Salaam alijaliwa mtoto wa kwanza. Wakati huohuo bibi wa mtoto, aliyekuwa mgonjwa huko Mwanza, alituma salamu kwamba anatamani kumpakata mjukuu wake kabla hajafumba macho. Kwa basi safari hiyo ni ya mchana kutwa na zaidi. Kwa ndege ni saa moja na nusu hivi. Tiketi zikanunuliwa. Mtoto alikuwa na umri wa siku tano. Uwanjani wakazuiwa, naye baba akapandwa na hasira, akidhani anaonewa.

Hakuonewa. Mashirika mengi ya ndege hayampokei mtoto ambaye hajatimiza siku saba, na mengine hudai cheti cha daktari. Sababu ni hewa. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani huwa nyepesi kama ya mahali palipoinuka kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ni kama kumtoa mtoto pwani na kumfikisha Njombe kwa dakika chache. Mtu mzima mwenye afya hahisi lolote, lakini mapafu ya mtoto wa siku chache bado yanakamilisha kufunguka. Aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, au mwenye maradhi ya moyo au kifua, asisafirishwe bila idhini ya daktari.

Wazee wetu walimtaka mzazi atulie nyumbani hadi arobaini. Hawakuzijua ndege, lakini shauri lao linatufaa. Katika wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua, damu ya mama huganda kwa urahisi zaidi, hasa kama alipasuliwa, na kukaa kitini muda mrefu huongeza hatari hiyo. Tena ni katika wiki ya 6 ndipo mtoto huanza kuchanjwa dhidi ya kifaduro, dondakoo na pepopunda.

Siku ya safari ikiwadia, mama akumbuke mambo mawili. Kwanza, ndege inapopaa, na hasa inapoteremka, masikio ya mtoto huziba na kuuma. Anyonyeshwe wakati huo, kwani kila anapomeza, njia ya sikio hufunguka. Pili, mama ajifunge mkanda peke yake. Asimfunge mtoto ndani ya mkanda huohuo, maana ndege ikitikisika ghafula, uzito wa mama utambana mtoto.

Akina baba nao wasijitenge. Ni wajibu wao kuuliza mapema masharti ya shirika, nauli ya mtoto wa kupakatwa na hati zinazotakiwa. Kwenda nchi za nje, hata mtoto wa wiki chache huhitaji pasi. Ndani ya ndege, baba ampokee mtoto ili mama asimame na kunyoosha miguu.

Na yule bibi je? Baba alitangulia peke yake, akiwa na picha ya mtoto mfukoni. Arobaini ilipotimia, mama na mtoto wakafuata. Bibi alikuwa angali hai, akampakata mjukuu wake. Kungoja kule kuliwatia wote hofu, lakini mtoto alifika salama.