Hekalu la Miaka 1,000 Lilibomolewa Kama Kibanda: Stori ya Malaysia na Lile Swali la "Nani Alifika Kwanza?"

Cheki hii. Mwisho wa 2013, jimboni Kedah, kaskazini-magharibi mwa Malaysia, habari zilitoka kwamba hekalu moja la kale halipo tena. Halikuibiwa. Lilibomolewa. Mwenye ploti alitaka kujenga manyumba, tingatinga ikaletwa, na masalio yaliyokuwa yamekaa pale kwa zaidi ya miaka 1,000 yakaondolewa vile kanjo huondoa kibanda cha mama mboga asubuhi na mapema.

Na si ati hilo hekalu lilikuwa siri. Wataalamu walilijua, wakalipa hadi namba: Candi 11. Hapo "c" inasomwa "ch", na candi ni jina la Kimalay la hekalu la zamani. Kelele zilipopanda, serikali ya jimbo ikajitetea: ploti ni ya mtu binafsi, na mahali penyewe hapakuwa pametangazwa rasmi kama turathi. Sheria ya kulinda turathi ilikuwepo tangu 2005, buda. Lakini sheria ambayo haina jina lako kwa orodha ni kama mwavuli uliouacha kwa keja. Mvua itakupata tu.

Sasa kwa nini hakuna mtu alijisumbua kuliweka kwa orodha? Jibu haliko kwa mawe. Liko kwa swali ambalo wewe kama Mkenya umelisikia kila msimu wa kura: hapa mwenyewe ni nani, na mgeni ni nani?

Kwanza, hapo palikuwa na nini?

Mahali panaitwa Lembah Bujang, yaani Bonde la Bujang. Liko chini ya mlima Jerai, wenye urefu wa mita 1,217. Baharia aliyetoka India aliuona huo mlima kwa mbali akajua amefika.

Kumbuka zile pepo ulifunzwa shuleni, kaskazi na kusi. Hizo zilizoleta majahazi Lamu na Mombasa ni ndugu za zile zilizosukuma meli kutoka India hadi Kedah. Upepo ukigeuka, huendi popote. Unangoja miezi. Na msee akingoja miezi anahitaji pa kulala, pa kula, pa kuuza, na pa kuomba. Hivyo ndivyo bandari ikakua, na mahekalu ya Kihindu na ya Kibudha yakajengwa karibu na soko.

Kuna jiwe ambalo Mwingereza mmoja, James Low, alilipata mwaka 1834 kusini kidogo mwa bonde hilo. Limeandikwa Sanskrit, lugha ya dini ya India ya kale, na wataalamu wanaliweka karne ya 5. Mwenye kuliandikisha ni nahodha anaitwa Buddhagupta, na kile anaomba ni safari yake ifaulu. Basi. Huyo si mfalme wala jemadari aliyekuja kuteka nchi. Ni dere wa baharini anayeomba afike salama. Hilo jiwe siku hizi liko kwa makumbusho kule Kolkata, India.

Na Kedah haikuwa kijiji. Mtawa wa Kibudha kutoka China, Yijing, alipita hapo miaka ya 670 akielekea India kusoma. Mwaka 1025, mfalme Rajendra Chola wa kusini mwa India alituma jeshi la majini kuvamia bandari za upande ule, na Kedah iko kwa orodha yake kwa jina la Kadaram. Huwezi kuvamia mahali pasipo na doh.

Uchimbaji wa nguvu ulianza miaka ya 1930 chini ya Mwingereza H. G. Quaritch Wales. Tangu 2009, chuo kikuu cha Universiti Sains Malaysia kimekuwa kikichimba Sungai Batu, palepale bondeni, na wamepata tanuru za kuyeyusha chuma pamoja na gati za kufungia meli. Kumbe hawa wasee hawakuwa wanauza viungo tu. Walikuwa na jua kali yao ya enzi hizo.

Baadaye Uislamu ukaingia, polepole, kwa njia ileile ya bahari na biashara. Mfalme wa Kedah akasilimu akawa sultani. Mahekalu yakaachwa, msitu ukayameza. Cheki hapa lakini: ukoo wa kisultani wa Kedah wenyewe unahesabu wafalme wake kuanzia kabla ya Uislamu. Hakuna familia iliyofukuzwa ikaletwa nyingine. Watu walibadilisha dini wakabaki nyumbani kwao.

Alafu siasa ikaingia

Malaya ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 31 Agosti 1957, na Malaysia ikaundwa 1963, mwaka uleule sisi tulipata wetu. Na kama vile Mwingereza alileta Wahindi kujenga reli hapa, kule aliwaleta Watamil kutoka kusini mwa India kufanya kazi kwa mashamba ya mpira. Wachina nao walimiminika kwa migodi ya bati na kwa biashara. Uhuru ulipofika, kila jamii kubwa ilikuwa na chama chake: Wamalay na UMNO, Wachina na MCA, Wahindi na MIC. Unaona rada.

Katiba yao ina vifungu viwili ambavyo lazima uvijue. Kifungu cha 153 kinawapa Wamalay na wenyeji wa Sabah na Sarawak nafasi maalum: kazi za serikali, skolashipu, leseni. Kifungu cha 160 kinaeleza Mmalay ni nani: mtu anayefuata Uislamu, anayeongea Kimalay kila siku, na anayeshika mila za Kimalay. Soma hiyo tena. Kabila na dini zimefungwa kwa kamba moja.

Tarehe 13 Mei 1969, baada ya uchaguzi, Kuala Lumpur iliwaka. Wamalay na Wachina waliuana mitaani. Serikali ikaona shida ni mfuko: 1970 Wamalay na wenzao walimiliki kama asilimia 2.4 tu ya hisa za makampuni. Mwaka 1971 ikaanza sera mpya ya uchumi yenye shabaha ya kufikisha asilimia 30 kufikia 1990. Tuseme ukweli, umaskini ulishuka sana na tabaka la kati la Wamalay likazaliwa. Hii ndiyo Malaysia wanasiasa wetu hupenda kutupigia mfano kila wakitangaza ruwaza mpya.

Lakini bei yake ni kwamba karatasi yako inasema wewe ni nani. Ukiwa Bumiputera, jina linalomaanisha "mwana wa ardhi", unaweza kupunguziwa bei ya nyumba. Usipokuwa, unalipa yote, hata kama babu ya babu yako alizaliwa hapo. Kwa sensa ya 2020, kati ya raia, Bumiputera walikuwa kama asilimia 69, Wachina 23, Wahindi 7 hivi.

Ndio maana mawe yakawa noma

Sasa unganisha hizo nukta. Kama haki yako inasimama juu ya kuwa mwana wa ardhi, na Mmalay kwa sheria ni Mwislamu, hekalu la Kihindu la miaka 1,000 linakuwa kichwa kuuma. Kulibomoa rasmi ni aibu. Kulisifu sana ni kufungulia watu maswali. Rahisi zaidi ni kulinyamazia, uliache katikati ya shamba bila ua, bila kibao, bila askari. Siku moja tingatinga itakuja na hakuna mtu atasema ametuma.

Upande wa pili pia kuna moto. Tarehe 25 Novemba 2007, makumi ya maelfu ya Wahindi waliandamana Kuala Lumpur chini ya mwavuli wa HINDRAF, wakapigwa vitoa machozi na maji ya kemikali. Moja ya vitu vilivyowachoma ni mahekalu yao ya mitaani kubomolewa. Miezi michache baadaye, Machi 2008, muungano tawala ulipoteza theluthi mbili za bunge kwa mara ya kwanza tangu 1969. Kwa hivyo Candi 11 ilipoanguka 2013, watu hawakuona mawe tu. Waliona meseji.

Na hapo wengine wakajibu kwa kusema, "Sisi Wahindi tulikuwa hapa kabla yenu."

Pole, lakini hapo pia kuna shida

Msee, wengi wa Watamil wa Malaysia ni vizazi vya watu walioletwa kufyeka na kugema mpira karne ya 19 na ya 20. Wao na nahodha Buddhagupta wametenganishwa na zaidi ya miaka 1,300. Wanastahili haki kamili juu ni raia, juu walizaliwa hapo, juu jasho lao lilijenga hiyo nchi. Hawahitaji hekalu kuwa hati ya shamba.

Na hayo mahekalu hayakujengwa na India kuja kutawala. Wataalamu wa kikoloni walipenda hiyo stori, ati kila kitu kizuri kililetwa na wageni. Siku hizi wengi wanasema wenyeji wenyewe, na machifu wao, walichagua dini na herufi zilizowafaa kibiashara, wakazifanya zao. Hiyo stori si umeisikia hapa kwetu? Gede, Lamu, Kilwa: kwa miaka mingi tuliambiwa ni kazi ya Waarabu na Waajemi. Wachimbaji wa baadaye wakaonyesha miji ya Waswahili ilikua kutoka kwa watu wa hapahapa, waliofanya biashara na bahari nzima.

Kwa hivyo hekalu la Bujang ni la mababu wa Wamalay kabla hawajasilimu. Yaani walionyamaza ndio warithi wenyewe.

Ushahidi hauko hata chini ya udongo. Uko mdomoni. Kimalay kina maneno ya Kiarabu kama Kiswahili: *dunia*, *waktu*, *akal*, *adab*. "Apa khabar?" ni "habari gani?" tu. Lakini chini ya hayo kuna tabaka lingine la Sanskrit. Mfalme ni *raja*. Lugha ni *bahasa*. Nchi ni *negara*. Waziri mkuu ni *perdana menteri*. Hata mfungo wa Ramadhani Mmalay anauita *puasa*, na mbingu *syurga*. Na lile neno lenyewe wanalopigania, *bumiputera*? Ni *bhumi* na *putra*, ardhi na mwana. Sanskrit mbichi. Jina la mwenye nchi limeazimwa kutoka kwa yule anaitwa mgeni.

Na kama ni kufika kwanza, basi tuwaulize Orang Asli

Hii ndiyo inaua hoja yote. Kwenye rasi ya Malaysia kuna watu wanaitwa Orang Asli, maana yake "watu wa asili". Wako huko msituni kabla ya hekalu na kabla ya usultani. Kama zawadi ingekuwa ya aliyefika kwanza, wao ndio wangekuwa masonko. Kumbe ni kati ya watu maskini zaidi nchini, wanahangaika mahakamani na ardhi yao, na kifungu cha 153 hakiwataji. Kwa hivyo hii mchezo haijawahi kuwa ya nani alifika kwanza. Ni ya nani ana kura na nani anashika kalamu.

Usidhani tena ni dini inakataza. Vuka mpaka uingie Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko karibu nchi yoyote. Borobudur, hekalu kubwa la Kibudha la karne ya 9, lilirekebishwa kwa gharama kubwa na liko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1991. Nembo ya taifa ni Garuda, ndege wa hadithi za Kihindu. Haikosi vurugu, 1985 watu walililipua kwa mabomu, lakini serikali ililiziba na kuendelea. Mwindonesia Mwislamu anapiga picha hapo bila kuhisi amepoteza kitu. Tofauti ni kwamba hajaambiwa uraia wake unategemea mawe kunyamaza.

Wewe inakuhusu aje?

Kwa sababu hiyo lugha unaijua. "Watu wetu." "Warudi kwao." "Hii ardhi ni ya mababu." Mwaka huohuo HINDRAF waliandamana, Desemba 2007, sisi tuliona vile hayo maneno huishia. Mwanasiasa anayekwambia wewe ndiye mwenyewe na jirani ni mgeni hakupi ardhi. Anakupa tu mtu wa kuchukia ukiendelea kulipa rent.

Na wakati watu wanabishana nani alifika kwanza, kuna mtu mmoja huwa hajali jibu. Huyo ana tingatinga. Candi 11 haikuangushwa na Mmalay akipigana na Mhindi. Iliangushwa na ploti ya kujengwa nyumba, mchana kweupe, juu kila upande ulidhani ni ya wale wengine.

Je, mtaani kwenu kuna kitu cha zamani, kaburi, mti, ukuta, nyumba ya mawe, ambacho kila mtu anasema "hiyo si yetu"? Jina lake liko kwa orodha ya nani?