Kibodi ya gemu yenye taa: uliza kumbukumbu yake kabla ya kutazama rangi

Mtu anayefanya kazi ya kuandika na kutafsiri hapa Nakivale huwa na shida mbili ambazo muuza duka mjini hana habari nazo. Ya kwanza, alijifunza kuandika kule Bukavu, Uvira au Bujumbura, kwenye kibodi ya Kifaransa, ile inayoanza na A Z E R T Y. Huku Uganda kompyuta karibu zote zinaanza na Q W E R T Y, na juu ya vitufe vyake hakuna é, hakuna è, hakuna ç. Ya pili, kompyuta yenyewe si yake. Ni ya kituo. Leo anakaa kwenye hii, kesho kwenye ile, na haruhusiwi kuweka programu yoyote ndani yake.

Kwa hiyo wanaotuuliza kuhusu kibodi za gemu, zile zenye taa chini ya herufi na vitufe unavyoweza kuvipangia kazi, hawaulizi mambo ya anasa. Kibodi nzuri ya aina hiyo inaweza kupunguza shida zote mbili. Tatizo ni kwamba nyingi zinazouzwa haziwezi, na kwa macho tu huwezi kuzitofautisha na zinazoweza. Zote zinawaka.

Mipangilio inakaa wapi?

Hili ndilo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji, na ukilisahau, pesa yako imepotea.

Kitufe cha kupangiwa kazi ni kitufe unachokiagiza kifanye jambo jingine badala ya lile lililoandikwa juu yake: kuandika neno zima, kubonyeza vitufe vinne kwa mfuatano, au kufungua dirisha fulani. Agizo hilo linaweza kuhifadhiwa sehemu mbili. Kwenye kibodi nyingi za bei ya chini linahifadhiwa kwenye kompyuta, ndani ya programu ya kampuni iliyotengeneza kibodi. Programu hiyo ikiwa haipo au haijafunguliwa, kitufe chako kinarudi kuwa kitufe cha kawaida. Ukiipeleka kibodi hiyo kituoni, umebeba taa tu.

Aina ya pili ina kumbukumbu yake ndani ya kibodi yenyewe. Kwenye boksi mara nyingi huandikwa «On-board Memory». Unaipanga mara moja, kwenye kompyuta yako au ya rafiki, halafu unaichomoa na kwenda nayo. Kompyuta yoyote utakayoichomeka itapokea agizo bila kujua kwamba limetoka kwenye kitufe kimoja.

Chukua mfano wa é. Kwenye Windows, ukishikilia Alt huku ukiandika 0233 kwa namba za upande wa kulia, unapata é. Kwa è ni 0232, kwa ç ni 0231, kwa à ni 0224. Kufanya hivyo mara mia kwa siku kunachosha vidole. Kitufe kimoja kikishapangiwa mfuatano huo, barua ya Kifaransa yenye alama zake zote inaandikika kwenye kompyuta yoyote ya Windows kituoni, mradi Num Lock imewashwa. Kwenye simu au Linux mbinu hii haifanyi kazi.

Ziko pia kibodi zinazotumia mfumo wa wazi uitwao QMK, ambazo nyingi hupangwa kupitia ukurasa wa VIA ndani ya kivinjari cha Chrome. Hizo ndizo tungezichagua sisi: hakuna programu kubwa ya kupakua kwa bando, na hata kampuni ikifunga milango kesho, kibodi yako bado inapangika.

Kama una laptopu yako mwenyewe, subiri kwanza. Windows inakuruhusu kuongeza mpangilio wa Kifaransa bila malipo, kwa sababu herufi zilizochapwa juu ya vitufe haziamui kitu; kibodi hutuma nafasi ya kitufe, na kompyuta ndiyo inayochagua herufi. Programu za bure kama AutoHotkey na PowerToys zinaweza kukipangia kazi kitufe cha kibodi yoyote, hata ile uliyo nayo sasa. Mtu wa namna hii huenda hahitaji kununua chochote. Atakosa jambo moja dogo: kibodi nyingi za huku hazina kile kitufe cha < na > ambacho kwenye AZERTY kinakaa karibu na Shift ya kushoto. Kwa mwandishi wa barua si kitu, lakini kwa anayejifunza kutengeneza kurasa za wavuti ni kero ya kila dakika.

Na kubandika stika za AZERTY juu ya vitufe vyenye taa? Zinaziba mwanga. Wengine hung'oa A na Q wakazibadilishana, lakini kwenye kibodi nyingi kila mstari una kimo chake, kwa hiyo kitufe kinakaa kimeinama.

Mpira au svichi?

Mwandishi wa makala hii aliwahi kununua kibodi iliyoandikwa «Mechanical Feel» kwenye duka moja mjini. Ilikuwa na rangi saba na ilinguruma vizuri. Baada ya msimu mmoja wa vumbi, E na N zilianza kukataa. Fundi alipoifungua, chini ya vitufe palikuwa na mpira na karatasi za plastiki zenye njia za umeme, kama kibodi ya kawaida ya ofisini. Karatasi hiyo ikiharibika mahali, hakuna cha kubadilisha kitufe kimoja kimoja. Neno «Feel» maana yake ni kwamba inafanana na kitu, siyo kwamba ndicho.

Kibodi ya mekanika halisi ina svichi yake chini ya kila kitufe, kisanduku kidogo cha plastiki chenye springi ndani. Ng'oa kitufe kimoja ukiwa dukani: ukiona kisanduku kinachosimama peke yake, chenye alama ya msalaba juu, uko sawa. Baadhi zina svichi zinazochomoleka kwa mkono bila kuchomelewa. Kwa mahali penye vumbi kama hapa, hiyo ina thamani kuliko taa zote, maana svichi moja ikifa unaweka nyingine na kuendelea na kazi.

Rangi ya svichi nayo ina maana yake. Mtindo huu ulienezwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani, na watengenezaji wengine kama Gateron na Outemu wanaufuata. Nyekundu inashuka laini bila sauti ya ziada. Kahawia unaihisi ikigonga kidogo kidoleni. Bluu inapiga «tik» kila unapobonyeza. Ukiwa unaandika saa tano usiku, na ukuta kati yako na jirani ni turubai, usinunue bluu. Mtakosana.

Taa zinakula kiasi gani?

Taa si urembo mtupu. Zinakuwezesha kufanya kazi usiku bila kuwasha balbu ya chumba kizima na kuwaamsha watoto. Lakini hesabu inahitajika kwa anayetegemea sola. Nyuma ya kibodi kuna lebo ndogo. Ikiandikwa 5V na 350mA, zidisha: kibodi inaweza kula hadi wati 1.75. Tuseme laptopu yako inakula wati 20. Kwa saa mbili za kazi, taa zikiwa zimewaka kabisa, kibodi imemaliza umeme ambao ungeiendesha laptopu kwa dakika kumi hivi. Si mwingi, ila mwisho wa usiku dakika kumi zinaweza kuwa ndizo za kutuma kazi. Chagua kibodi ambayo taa zake zinapunguzwa na kuzimwa kwa vitufe vyake yenyewe. Zipo za bei ya chini zinazozungusha rangi tu, huwezi kuzituliza.

Jaribu kwa simu yako

Usiogope kuomba kujaribu. Beba kiunganishi cha OTG, kile kinachoingiza USB kwenye simu, uchomeke kibodi, ufungue sehemu ya kuandika ujumbe, kisha ubonyeze kila kitufe. Halafu bonyeza herufi tatu au nne kwa pamoja uone kama zote zinatokea. Kibodi dhaifu humeza moja. Omba risiti yenye jina la modeli.

Mambo mawili ya kuangalia baada ya kununua. Usiweke nywila kwenye kitufe, hata kama inaokoa muda. Kibodi yenye kumbukumbu inabeba nywila hiyo popote inapoenda, na atakayeiazima ataisoma kwa kubonyeza mara moja. Ukinunua iliyotumika, irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani kabla ya kuiunganisha na akaunti zako.

La pili linawahusu wachezaji na wafanyakazi wa mtandaoni kwa pamoja. Kitufe kinachojibonyeza chenyewe kinaweza kuhesabiwa kuwa udanganyifu. Mwezi Agosti 2024 kampuni ya Valve ilipiga marufuku kwenye seva zake za Counter-Strike 2 baadhi ya mbinu za namna hiyo, ikiwemo ile iliyokuja ndani ya kibodi zenyewe. Tovuti nyingi za kazi ndogo ndogo nazo zinakataza kubofya kwa mashine, na akaunti iliyofungwa inaweza kuondoka na malipo ambayo hujayatoa. Kuandika é kwa kitufe kimoja ni sawa. Kuacha kibodi ijibu maswali mia wakati wewe umekwenda kuchota maji, soma kwanza masharti ya tovuti unayoifanyia kazi.