"Umejuaje?": Swali Linalomsaidia Mtoto Kuwaza Kihisabati

Mwanafunzi wa Gredi ya Tatu anaandika 52 – 38 = 26. Mwalimu anaweka alama ya mkasi na kupita. Jibu si sahihi kweli, kwani linapaswa kuwa 14. Hata hivyo, mkasi huo haumwelezi mtoto alipokosea.

Mtoto huyo hakubahatisha. Alitoa 2 katika 8 akapata 6, kisha akatoa 3 katika 5 akapata 2. Kwake, kutoa ni kuondoa tarakimu ndogo katika kubwa, iwe juu au chini. Asipoulizwa alivyofikiria, atabeba kosa hilo hadi gredi za juu na huenda akaamini kwamba hesabu si yake.

Kuwaza kihisabati ni kuweza kueleza kwa nini jibu ni sahihi na kukagua kama linaingia akilini. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unataja kuwaza kwa kina na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi.

Msingi huanzia chekechea

Katiba ya 2010 ilikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea. Kwa hivyo, hatua za kwanza za mtoto katika hesabu ni jukumu letu.

Mwalimu wa PP1 anaweza kupanga vizibo sita vya chupa kwa mstari, kisha avitawanye na kuuliza: "Je, vimeongezeka?" Watoto wengi watasema ndiyo. Badala ya kuwakosoa, awaache wahesabu tena na waeleze walichoona.

Katika gredi za chini, vijiti vilivyofungwa kumikumi vinatosha kumsaidia yule wa 52 – 38. Ana mafungu matano na vijiti viwili. Ili atoe vinane, lazima afungue fungu moja. Hapo anaona kwa macho yake maana ya kukopa.

Darasani

• Uliza "Umejuaje?" hata jibu linapokuwa sahihi. Ukiuliza kwa majibu mabaya pekee, swali hilo litageuka adhabu.

• Subiri. Mpe mtoto muda wa kufikiri kabla ya kumgeukia mwingine.

• Linganisha njia. Kwa 47 + 38, mmoja atajumlisha makumi kisha mamoja. Mwingine atafanya 50 + 38, halafu aondoe 3. Wote watapata 85.

• Darasa likiwa kubwa, wanafunzi waelezane wawiliwawili, kisha wachache waeleze mbele ya wenzao kwa lugha wanayoimudu.

• Toa maswali yanayodai uamuzi. Watu 45 wanasafiri kwa matatu za abiria 14. Zinahitajika ngapi? Kugawanya kunaleta 3 na baki 3, lakini watu watatu hawawezi kuachwa stejini. Jibu ni matatu nne.

Nyumbani

Mzazi hahitaji kuwa hodari wa hesabu. Unapomtuma mtoto dukani na noti ya shilingi 200, muulize kabla hajatoka kama pesa zitatosha na chenji itakuwa ngapi. Unapogawa chapati, muulize kipi kikubwa: thuluthi au robo? Wengi huchagua robo kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3. Zikate chapati mbili zinazotoshana, moja mara tatu na nyingine mara nne, achague mwenyewe.

Akikosea, usimpe jibu haraka wala usimwambie kwamba hata wewe hesabu zilikushinda. Muombe akuonyeshe alivyofikiria. Mara nyingi atagundua kosa lake akiwa katikati ya kueleza.