Uraia si kukariri: Wapeni watoto wa Pemba boksi la kura!

Muulize mtoto wa darasa la tano pale Wete, demokrasia ni nini? Atakujibu fasta, mikono nyuma, neno kwa neno kama lilivyoandikwa ubaoni. Sasa muulize: wewe ukishindwa kura utafanyaje? Kimya!

Na kwa Pemba, msomaji, swali hilo la pili ndilo lenyewe. Baada ya uchaguzi wa 1995, watu kisiwani humo walisusiana mpaka dukani na mazikoni kwa sababu ya vyama. Januari 2001 damu ikamwagika. Aliyekuwa mtoto enzi hizo leo ni mzazi, na anayoyasema barazani mwanawe anayasikia.

Sasa somo hili litachangamka vipi? Rahisi tu, wala halitaki fedha za wafadhili. Mwalimu atafute boksi la sabuni, alitoboe tundu juu, darasa lichague monita. Alama za wagombea zisifanane na za chama chochote: mmoja embe, mwingine pweza, wa tatu karafuu. Kila mtoto apige kura yake peke yake, kisha zihesabiwe mbele ya wote, moja moja, kwa sauti. Hapo ndipo utamu!

Halafu aliyeshika nafasi ya pili asiende kununa pembeni. Apewe umakamu, tena wenye kazi ya kweli. Ndivyo walivyoamua Wazanzibari Julai 31, 2010, asilimia 66.4 ya waliopiga kura ya maoni waliposema ndiyo kwa serikali ya umoja wa kitaifa. Maalim Seif Sharif Hamad, mwana wa Pemba aliyesomesha kabla ya kuingia siasa, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais mwaka huohuo.

Mambo ya serikali nayo yapo mlangoni. Karafuu anayoianika mtoto kwenye jamvi, kwa nini inapelekwa ZSTC? Fedha zake zinajenga nini? Na sheha je, kazi yake nini hasa? Mwiteni darasani, watoto wamhoji wenyewe. Akibabaika, somo limekolea!

Hofu ipo. Mwalimu anaogopa kuambiwa analeta siasa skuli. Dawa yake ndogo: wazazi waalikwe kuangalia kura zikihesabiwa. Huenda nao wakaondoka na kitu. Kumpa mkono aliyekushinda ni mazoea, na mazoea huanzia kwenye dawati. Au siyo?